Nguo 300, anwani 16,000: namna ya kukagua tovuti kiufundi kwa buibui wa programu

Duka la mtandaoni lina nguo 300, zimegawanywa katika makundi 12: kanga, vitenge, mashati, kaputula na mengineyo. Ukiongeza kurasa za mawasiliano, za usafirishaji na makala chache za blogu, unatarajia anwani 400 na kitu. Unawasha programu ya kutambaa, yaani buibui anayefuata viungo vya tovuti kimoja baada ya kingine, unakwenda kunywa chai, unarudi unakuta imefika 9,000 na foleni bado inarefuka. Programu haijaharibika. Inaionyesha tovuti kama inavyoonekana na mgeni asiyechoka kubofya, na Googlebot, buibui wa Google, ni mgeni wa aina hiyo hiyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila kundi lina vichujio vitatu: rangi 8, saizi 6 na viwango 4 vya bei. Mteja anaweza kuacha kichujio chochote bila kukigusa, kwa hiyo michanganyiko ni 9 × 7 × 5, yaani 315 kwa kundi moja na 3,780 kwa makundi yote 12. Hapo tumechukulia kwamba tovuti hupanga vigezo vya anwani kwa utaratibu mmoja siku zote. Isipofanya hivyo, aliyeanza na rangi anapata `?rangi=bluu&saizi=xl`, aliyeanza na saizi anapata `?saizi=xl&rangi=bluu`, na kwa buibui hizo ni kurasa mbili tofauti. Vichujio viwili vinapangika kwa namna 2, vitatu kwa namna 6. Kundi moja linapanda kutoka 315 hadi 1,379, na duka zima linafikia anwani 16,548 za orodha tupu, kabla hujahesabu ukurasa wa pili na wa tatu wa kila orodha.

Ripoti itakayotoka hapo itakuwa na maelfu ya mistari: vichwa vinavyojirudia, maelezo yanayojirudia, kurasa zenye maandishi haba. Yote hayo yanaweza kuwa yamezaliwa na mistari michache ya msimbo wa programu kwenye kiolezo kimoja. Anayemkabidhi mteja ripoti hiyo kama ilivyotoka amefanya kazi ya programu. Ya mkaguzi inaanza pale anapouliza mistari hii elfu kumi na sita imetoka wapi.

Buibui anaona nini

Buibui tunayemsema ni wa programu, si lile vazi, ingawa duka letu la mfano huenda linaliuza. Anapewa anwani moja, kwa kawaida ya ukurasa wa mwanzo. Anaiomba seva ukurasa huo, anasoma HTML, anaokota kila kiungo kilichoandikwa kwa `<a href>` pamoja na picha na mafaili ya CSS na JavaScript, anaviweka kwenye foleni, kisha anachukua kinachofuata. Foleni ikiisha, mtambao umeisha.

Hajazi fomu. Hachagui kitu kwenye orodha ya kushuka. Habofyi kitufe kinachosubiri JavaScript ndipo kifanye kazi. Kwa hiyo vichujio vile vile vitatu, vikiwa vimetengenezwa kama fomu, buibui hatavijua kabisa. Vikiwa viungo vya kawaida, atavifuata vyote mpaka mwisho. Tofauti ya 400 na 16,000 inakaa hapo, na aliyeamua ni mtengeneza themu, yaani muundo wa mwonekano wa tovuti, ambaye pengine wakati ule hakuwa akiwaza utafutaji hata kidogo.

Programu zinazotumika sana kwa kazi hii ni Screaming Frog SEO Spider, iliyotengenezwa Uingereza, na Sitebulb. Screaming Frog ina toleo la bure linaloishia anwani 500 kwa kila mtambao, lisilohifadhi kazi wala kuendesha JavaScript. Kwa tovuti ya shule au hoteli ndogo linatosha. Kwa duka letu, 500 zitajaa vichujio kabla bidhaa nyingi hazijafikiwa, nayo ni taarifa tosha kwamba kuna tatizo.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Anza kwa mkono, bila programu yoyote. Tovuti ina milango minne: `http://mfano.co.tz`, `http://www.mfano.co.tz`, `https://mfano.co.tz` na `https://www.mfano.co.tz`. Mmoja ndio ufunguke. Mitatu iliyobaki ielekeze kwenye huo kwa hatua moja. Kosa linalojirudia ni hatua mbili: http isiyo na www inapelekwa kwanza http yenye www, halafu ndiyo https. Sababu yake mara nyingi ni kwamba sheria moja iliandikwa kwenye faili la mipangilio ya seva, `.htaccess`, na nyingine ikawekwa na plagini, yaani programu ya ziada iliyopachikwa kwenye tovuti, kila moja bila kujua mwenzake yupo.

Kisha kasi. Screaming Frog huanza na nyuzi 5, yaani inaomba kurasa tano kwa mpigo. Seva kubwa haitaisikia. Kwenye hostingi ya pamoja, ambako tovuti nyingi zinagawana seva moja, kurasa za vichujio ndizo nzito kuliko zote kwa sababu kila moja inailazimisha hifadhidata itafute upya, na akiba (cache) ya seva haina nakala yake. Matokeo yake ni msimbo 503, yaani seva haiwezi kuhudumia kwa sasa, au 508 kwa seva zinazowekea kila mteja kikomo cha matumizi, na wateja wa kweli wanafungiwa nje pamoja nawe. Shusha hadi nyuzi 1 au 2 na uweke kikomo cha anwani 2 kwa sekunde. Anwani 10,000 kwa mwendo huo zitachukua saa 1 na dakika 23, iache usiku. Mwenye tovuti awe amekubali, na kampuni ya hostingi iwe na habari, maana kwao mtambao wa kasi unafanana sana na shambulio.

Anayetumia bando apige hesabu mapema pia. Kurasa 10,000 za KB 100 kila moja ni takriban GB 1, hapo ni HTML peke yake. Ukiwasha uchoraji wa JavaScript, programu inaendesha kivinjari kamili ndani yake na kushusha kila kitu ambacho kivinjari kingeshusha.

Usitambae ukiwa umeingia kwenye akaunti ya msimamizi. Buibui hufuata viungo, na ndani ya dashibodi kuna viungo vya kufuta. Hasomi maandishi yanayouliza kama una uhakika.

Mwisho, amua unamwigiza nani. Programu hujitambulisha kwa seva kwa jina lake, na ulinzi wa seva au wa huduma kama Cloudflare unaweza kulikataa jina hilo. Ukiona msimbo 403, yaani umekatazwa kuingia, kwenye tovuti nzima ilhali kivinjari chako kinafungua bila shida, tatizo liko kwenye ulinzi. Usiliandike kwenye ripoti kama kosa la kurasa. Omba IP yako iruhusiwe, au badili jina hilo liwe la kivinjari cha kawaida. Ukitambaa kwa jina la Googlebot, chagua lile la simu, kwa sababu Google huorodhesha tovuti kwa kutumia toleo la simu. Kiungo kilichomo kwenye menyu ya kompyuta na hakimo kwenye menyu ya simu, kwake ni kama hakipo.

Sasa tambaa, lakini mara ya kwanza simamisha kwenye anwani 1,000 au 2,000. Panga anwani kwa alfabeti na uziangalie kwa macho. Mtego wowote utauona: kalenda inayokwenda hadi mwaka 2090, vichujio vinavyobebana, au ile ya WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, ambapo kila kadi ya bidhaa ina kiungo cha `?add-to-cart=` chenye namba ya bidhaa. Kiungo hicho hujishikiza kwenye anwani ya ukurasa ulipo, kwa hiyo shati moja likionekana kwenye orodha kumi linazaa anwani kumi. WooCommerce hukiwekea alama ya nofollow, inayomwambia buibui asikifuate. Themu iliyoandika upya kadi zake na kuisahau alama hiyo ndiyo inayomwachia buibui mlango wazi.

Misimbo ya majibu

Hapa ndipo wengi huanzia, na ndipo pepesi zaidi. 200 ni sawa. 301 na 308 ni kuhama moja kwa moja, 302 na 307 ni kuhama kwa muda. 404 na 410 maana yake hakuna kitu. Kuanzia 500 ni seva yenyewe imeshindwa. Screaming Frog huandika pia 0, na hiyo isomwe pamoja na maelezo yaliyo pembeni yake: yanaweza kusema muda wa kusubiri umekwisha, au kwamba anwani imezuiwa na robots.txt, faili la maagizo kwa buibui, na wala haikuombwa.

Anwani 404 iliyomo kwenye ripoti haina maana bila kurasa zinazoielekeza. Bofya mstari wake, kisha fungua kichupo cha Inlinks kilicho chini. Kiungo kibovu kikitoka kwenye makala moja, ni kosa la mwandishi. Kikitoka kwenye kurasa 437 kati ya 437, kiko kwenye menyu au sehemu ya chini ya ukurasa, na utakirekebisha mara moja tu. Ripoti itakuwa imekihesabu kama viungo vibovu 437, na mteja asiyeelezwa atadhani tovuti yake imeoza.

Minyororo ya uelekezaji nayo huzaliwa hivyo hivyo. Tovuti ilihama mwaka mmoja kwenda https, mwaka mwingine ikabadili `/product/` kuwa `/bidhaa/`, na kila uhamisho ukaongeza hatua juu ya ule wa zamani. Googlebot hufuata hadi hatua 10 kisha hukata tamaa. Hatua 3 hazimzuii, ila kila moja ni safari ya kwenda na kurudi kwa simu ya mteja aliye kwenye mtandao dhaifu. Dawa ni mbili na zote zinahitajika: elekeza anwani ya zamani moja kwa moja kwenye ya mwisho, na ubadili viungo vya ndani viache kutumia ile ya zamani.

Aina moja ya 404 programu inaweza kukosa kuiona yenyewe: ukurasa unaosema hakuna bidhaa huku seva ikijibu 200. Google huuita 404 laini na huenda asiuweke kwenye faharasa. Kuupata, tumia utafutaji maalumu ndani ya programu: ipe maneno yanayotokea kwenye ukurasa huo, mathalani "Hakuna bidhaa zilizopatikana", itambae ikihesabu kurasa zenye maneno hayo. Makundi matupu yaliyoachwa tangu msimu uliopita hukamatwa hapo.

Kuzuia kutambaa na kuzuia kuorodheshwa

Mafundo mengi ya ukaguzi wa kiufundi yanafungwa hapa, na hata mafundi wazoefu hujikwaa. Kuna milango miwili. Faili la robots.txt linamwambia buibui asiingie kwenye ukurasa. Lebo ya noindex, iliyo ndani ya ukurasa, inamwambia Google asiuweke ukurasa huo kwenye faharasa yake. Agizo la pili linasomwa na aliyeingia tu.

Matokeo yake ni haya: ukiweka noindex kwenye ukurasa kisha ukauzuia pia kwa robots.txt, Google haitaiona noindex kamwe. Kama kuna viungo vinavyoelekea huko, anwani inaweza kuendelea kutokea kwenye matokeo ikiwa tupu, bila maelezo, kwa sababu Google anajua ipo na hana ruhusa ya kuchungulia. Anayetaka kuufuta ukurasa kwenye Google anatakiwa afungue mlango, aweke noindex, asubiri ukurasa utoke, ndipo afunge akipenda. Zamani wapo walioandika noindex ndani ya robots.txt yenyewe, Google iliacha kuitambua tarehe 1 Septemba 2019, na mistari hiyo bado inaonekana kwenye mafaili ya zamani ikiwa imekaa bure.

Faili lenyewe lina sheria ndogo zinazouma. Tazama hili:

```
User-agent: *
Disallow: /kapu
Disallow: /*?saizi=

User-agent: Googlebot
Disallow: /jaribio/
```

Mwandishi alikusudia buibui wote wasiingie kwenye kapu la manunuzi, na Googlebot asiingie pia kwenye eneo la majaribio. Kilichotokea ni tofauti, kwa mambo matatu. Googlebot akikuta fungu lenye jina lake huliacha fungu la nyota lote, hivyo yeye anaruhusiwa kwenye kapu na kwenye saizi, na amezuiwa kwenye majaribio peke yake. La pili, `/kapu` bila mkwaju (/) wa mwisho ni mwanzo wa neno, na unakamata kila kinachoanza hivyo: kundi zima la `/kaputula/` limefungiwa buibui wengine wote, Bingbot wa Bing akiwemo. Lingeandikwa `/kapu/`. La tatu, `?saizi=` inakamatwa ikiwa ya kwanza kwenye vigezo; anwani ya `?rangi=bluu&saizi=xl` inapita salama, kwa sababu pale kabla ya saizi kuna alama ya `&`.

Kwa hiyo kwenye tovuti uliyopewa ruhusa, tambaa mara mbili: mara moja ukiheshimu robots.txt kwa jina la Googlebot, na mara nyingine ukichagua kupuuza faili hilo huku programu ikiendelea kuripoti kilichozuiwa. Tofauti ya mitambao miwili ndiyo orodha ya vilivyofungwa. Isome yote, kisha rudia kwa jina la Bingbot: kaputula zitajitokeza hapo.

Kwenye WordPress kuna kisanduku katika mipangilio ya kusoma kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Huwekwa tiki wakati wa ujenzi na kusahaulika siku ya uzinduzi. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, kisanduku hicho huweka lebo ya noindex kwenye kila ukurasa badala ya kuandika kizuizi kwenye robots.txt, kwa hiyo anayekagua robots.txt peke yake ataona kila kitu ni shwari. Noindex inaweza pia kukaa kwenye majibu ya seva kwa jina la `X-Robots-Tag`, ambako hata ukifungua msimbo wa ukurasa hutaiona. Programu huonyesha zote mbili kwenye safu tofauti.

Kanonikali, na dawa ya vichujio

Lebo ya kanonikali ilitangazwa Februari 2009 na Google, Yahoo na Microsoft kwa pamoja. Inasema: nakala hii inafanana na anwani ile, ihesabuni ile. Ni pendekezo tu. Google akiona kurasa mbili hazifanani, au viungo vya ndani, ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha anwani zake) na lebo vinapingana, atachagua mwenyewe.

Chuja kwenye programu kurasa ambazo kanonikali yake si anwani yake yenyewe, kisha uzisome kwa vikundi. Zikielekea http badala ya https, mpangilio wa anwani ya tovuti haukubadilishwa baada ya kuhama. Zikielekea ukurasa wa mwanzo zote, mtu ameandika anwani moja kwa mkono kwenye kiolezo. Hilo ni la kushughulikia siku hiyo hiyo. Kurasa za 2, 3 na 4 za orodha zikielekea ukurasa wa 1, nalo ni kosa, maana hazina bidhaa zile zile. Kila moja ijielekee yenyewe.

Kwa anwani zetu 16,548 watu hukimbilia kanonikali au robots.txt, na kila moja inatibu nusu ya ugonjwa. Kanonikali inakusanya nguvu za nakala mahali pamoja, lakini Google anapaswa kuitembelea kila nakala ili aisome. Robots.txt inaokoa safari, lakini haikusanyi chochote, na anwani zilizokwisha kujulikana zinaweza kubaki kwenye faharasa. Kilicho bora ni kuacha kuzalisha viungo hivyo. Kichujio ambacho watu hukitafuta kweli, kama kitenge cha bluu, kipewe ukurasa wake wenye anwani safi na kichwa chake. Saizi na bei viwe fomu. Vigezo vipangwe kwa utaratibu mmoja. Viungo vikishaondolewa, acha kanonikali ifanye kazi kwenye anwani za zamani bila kuzizuia.

Kuhusu bajeti ya kutambaa, yaani kiasi cha kurasa ambazo Google yuko tayari kutembelea kwenye tovuti, inayotajwa kila mahali: mwongozo wa Google unawalenga wenye kurasa milioni 1 na zaidi, au zaidi ya 10,000 zinazobadilika kila siku. Duka la nguo 300 halimo. Linaingia kwa sababu tu ya vichujio.

Tovuti ya lugha mbili

Tovuti nyingi za kwetu zina Kiswahili na Kiingereza, na lebo ya hreflang ndiyo inayomweleza Google ni ukurasa upi wa nani. Inataka msimbo wa lugha wa herufi mbili, na ukipenda msimbo wa nchi baada yake: `sw`, `sw-TZ`, `sw-KE`, `en-GB`. Makosa yanayokamatwa na programu ni yale yale: `tz` au `ke` pekee, ambayo ni nchi na si lugha, `swa` ya herufi tatu, `en-UK` badala ya `en-GB`, `sw-DRC` badala ya `sw-CD`. Lebo lazima pia ijibiwe: ukurasa wa Kiswahili ukiutaja wa Kiingereza na ule usiutaje huu, Google huwapuuza wote wawili.

Lakini kosa lenye hasara kubwa kuliko yote ni kanonikali ya ukurasa wa Kiswahili kuelekea wa Kiingereza, inayotokea pale plagini ya tafsiri inapodhani ukurasa uliotafsiriwa ni nakala. Mwenye duka anabaki akishangaa kwa nini Kiswahili chake hakionekani Google. Panga mistari ya `/sw/` kwenye programu, angalia safu ya kanonikali. Ni kazi ya dakika moja. Hapo hapo utaona kurasa ambazo menyu imetafsiriwa na mwili umebaki Kiingereza. Hizo ama zitafsiriwe au zitolewe.

Yatima

Buibui hawezi kuona ukurasa usio na kiungo. Bidhaa iliyotolewa kwenye kundi lake lakini haikufutwa bado ipo, na huenda bado inaleta wateja. Kuzipata, linganisha orodha tatu: kilichofikiwa na mtambao, kilichomo kwenye ramani ya tovuti, na kilichoonekana kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti. Screaming Frog huunganishwa na Search Console na kupewa ramani ya tovuti, kisha baada ya mtambao unaendesha uchambuzi wa ziada ndipo yatima waonekane. Anayesahau hatua hiyo huona sifuri na kufurahi. Kwa mkono, bandika orodha mbili kwenye Excel na utumie COUNTIF. Kumbuka ukishusha orodha kwenye ukurasa wa Search Console unapewa mistari 1,000 tu, ilhali kwa API, njia ya programu kuomba data yenyewe, ombi moja hutoa hadi 25,000.

Kinyume chake nacho kina maana. Ramani ya tovuti ibebe anwani zinazojibu 200, zisizo na noindex, zinazojielekea kwa kanonikali. Ikibeba 301 na 404, ina maana inatengenezwa na kitu kisichosoma hali halisi ya tovuti. Faili moja lina kikomo cha anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa, na kwa maduka mengi ya hapa hilo haliwahi kuwa tatizo.

Yanayochukua nafasi kubwa kuliko uzito wake

Urefu wa vichwa kwa pikseli ni jambo la kuangalia mwishoni. Kichwa kinachozidi hukatwa kwenye matokeo, basi, ukurasa hauporomoki. Vichwa vinavyojirudia ni dalili ya vichujio au kurasa za orodha, na ukishatibu chanzo vinaisha vyenyewe. Kasi haipimwi na mtambao wa kawaida: muda wa majibu unaouona ni wa seva kwako wewe, usiku, kwa mtandao wako. Vipimo vya Google, yaani LCP (muda wa kitu kikubwa zaidi kuonekana) isiyozidi sekunde 2.5, INP (muda wa ukurasa kuitikia mguso) isiyozidi milisekunde 200 na CLS (kurukaruka kwa mpangilio) isiyozidi 0.1, vinatoka kwa watumiaji halisi, na programu huvileta ukiiunganisha na zana ya Google ya PageSpeed Insights.

JavaScript inastahili jaribio moja. Chukua anwani 20, moja au mbili kwa kila kiolezo, uzitambae kwa maandishi tupu halafu kwa uchoraji, ulinganishe idadi ya maneno na viungo. Zikikaribiana, usiwashe uchoraji kwa tovuti nzima. Ukurasa wa bidhaa ukitoka na maneno 40 kwanza na 600 baadaye, maelezo yote yanategemea JavaScript, na hilo ni mazungumzo na mtengenezaji, si la kutatuliwa kwa plagini.

Kuandika na kurudia

Ripoti iandikwe kwa chanzo. Kwa kila chanzo taja faili au mpangilio unaohusika, idadi ya anwani zinazoguswa, mifano mitatu ambayo mtengenezaji anaweza kuibofya, na jinsi ya kujua kwamba limekwisha. Duka letu lenye mistari 16,000 lingeishia na vyanzo sita au saba. Kwanza yale yanayoufungia nje ukurasa unaouza: noindex iliyosahaulika, `/kapu` iliyomeza kaputula, kanonikali ya Kiswahili. Kisha vichujio. Vichwa virefu vije siku ya mvua.

Marekebisho yakishawekwa, tambaa upya kwa mipangilio ile ile. Ihifadhi kama faili ili kasi, jina na robots.txt visibadilike kati ya mitambao. Halafu chukua anwani za mtambao wa kwanza, uzipe programu kama orodha, na uone kila moja imejibu nini sasa. Google anaweza kukaa na nakala ya zamani ya robots.txt kwa saa 24, na uhakiki ndani ya Search Console huchukua wiki 2 hivi, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo usibadili kitu kingine katikati kwa sababu namba hazijasogea. Baada ya hapo weka mtambao wa kila mwezi na uandike namba moja tu ukutani: jumla ya anwani zinazojibu 200. Ikiwa 437 mwezi jana na 2,100 mwezi huu, na dukani hakujaingia hata shati jipya, uliza nani amebadili themu.